Naomba ushauri: ari ya kufundisha chuoni imeniishia

Wakuu, habari za saa hizi. Mimi ni mhadhiri msaidizi katika chuo kikuu kimoja cha umma hapa Tanzania, mwaka wa sita sasa. Kufundisha nakupenda tangu moyoni. Mwanafunzi akielewa kitu kilichomsumbua, siku yangu yote inang'aa.

Lakini nimechoka. Darasa moja lina wanafunzi zaidi ya 400, kipaza sauti kibovu, na vitabu vya majibu navisahihisha peke yangu hadi usiku wa manane. Kupanda kuwa mhadhiri kunataka shahada ya uzamivu. Nimeianza, ila muda wa kuandika siupati, na ada najilipia mwenyewe. Mshahara nao Bodi ya Mikopo inakata asilimia 15 kulipia mkopo niliosomea chuo, bado kodi na mfuko wa hifadhi. Kinachoniuma zaidi ni kwamba hakuna anayeuliza unaendeleaje.

Nimepata nafasi kwenye shirika moja, mkataba wa miaka 2, mshahara mzuri. Mke wangu anasema niende. Mimi nawaza uzamivu wangu na wale vijana ninaowasimamia tafiti zao.

Waliowahi kuomba likizo bila malipo chuoni, mlirudi salama? Au nibaki nimalize kwanza?