Mwezi mzima Ulaya, miji 14: naomba mnichanie hii ratiba

MguuNjia

Wakuu habari za muda huu, poleni na majukumu. Mimi na mke wangu tumejibana sana tukaweka akiba na sasa tumekubaliana Septemba tunaenda kuzurura Ulaya mwezi mzima, usiku 29 hivi. Ni mara ya kwanza kwa wote wawili kwa hiyo tunataka kuona vitu vingi, maana kurudi tena haijulikani ni lini.

Nilichochora mpaka sasa ni hiki: London, Paris, Brussels, Amsterdam, Berlin, Prague, Vienna, Budapest, Venice, Florence, Roma, Barcelona, Madrid, Lisbon. Yani kila mji siku mbili, Paris na Roma siku tatu. Mke wangu anachotaka ni Paris tu, kwingine kote anasema nipange mimi, na mimi ugonjwa wangu ni historia, makanisa ya zamani, majumba ya wafalme na michoro.

Maswali sasa. Ile pasi ya Eurail, tiketi moja ya kupandia treni za nchi nyingi, inalipa au ninunue tiketi moja moja? Vitu gani lazima nibuku mapema? Na visa ya Schengen, ile moja inayokuingiza nchi nyingi za Ulaya, nawaza kuombea Ufaransa kwa sababu ndiko tutakakotua, niko sawa? Msinionee aibu, chaneni. Natanguliza shukrani.

Kiberenge

Mkuu umesema tuchane basi kaa sawa. Kwanza acha kuhesabu siku, hesabu usiku. Ukilala mji mmoja usiku 2 una siku moja tu nzima ya kutembea, ile nyingine imekatwa vipande, asubuhi unafungasha, saa nne hoteli wanataka chumba chao, unaburuta begi mpaka stesheni, ndani ya treni masaa manne au sita, unafika unatafuta hoteli mpya, wanakwambia chumba bado subiri mpaka saa tisa, ukija kutoka nje jua linazama na makumbusho yamefungwa. Fanya hivyo mara 13 ndani ya mwezi halafu uniambie ulichokiona zaidi ya stesheni.

London toa. Uingereza haiko Schengen, ni visa nyingine, ada nyingine, makaratasi mengine, yote kwa ajili ya siku mbili. Lisbon na Madrid ni miji mikuu miwili jirani lakini hakuna treni ya moja kwa moja kati yao, utaishia kupanda ndege. Hispania na Ureno ziache pamoja, hiyo ni safari nyingine kamili, ukienda huko nenda mpaka Granada ukaone Alhambra, lile jumba la wafalme wa Kiislamu, usiende kugusa na kuondoka.

Ukiondoa hizo, pamoja na Brussels na Budapest, unabaki na mstari mzuri ambao haurudi nyuma: Paris, Amsterdam, Berlin, Prague, Vienna, Venice, Florence, Roma. Tua Paris, ondokea Roma, ukitafuta tiketi ya ndege chagua ile ya miji tofauti ya kutua na kuondokea, mara nyingi bei haipishani sana na ya kwenda na kurudi sehemu moja, na unakwepa siku nzima ya kurudi ulikotoka. Paris mpaka Amsterdam ni kama saa tatu na dakika ishirini. Amsterdam kwenda Berlin kama saa sita, hiyo ndio ndefu ya mchana. Berlin kwenda Prague saa nne na kidogo na hapo nakuomba kitu kimoja, kaeni upande wa kushoto, mkishapita Dresden treni inafuata mto Elbe, miamba mirefu ya mchanga imesimama ng'ambo, vijiji viko chini kabisa kwenye maji, na watu wa upande wa kulia wanaangalia ukuta wa mlima. Prague kwenda Vienna saa nne. Vienna kwenda Venice kuna treni ya usiku ya Nightjet, unalala humo unaamkia kwenye maji, unaokoa na hela ya hoteli.

Pasi: kwa safari saba zenye tarehe zinazojulikana, mimi naona tiketi moja moja zikinunuliwa mapema zinaishinda. Pasi ina raha yake kwa mtu anayeamka asubuhi ndio anaamua aende wapi, na hata yeye akifika Ufaransa na Italia kwenye treni za kasi bado analipia siti juu ya pasi, na siti za wenye pasi kwenye Eurostar, ile treni ya kasi ya Paris-Amsterdam, zinahesabika, zikiisha zimeisha. Ujerumani na Austria ndiko pasi inakotamba, unaingia tu unakaa. Ila treni za Ujerumani siku hizi zinachelewa kweli kweli, usiunganishe treni mbili kwa dakika kumi. Ikichelewa kufika kwa saa moja unaweza kudai robo ya nauli, saa mbili ni nusu, ni sheria ya Umoja wa Ulaya, kwa hiyo tunza tiketi.

chumvi_kidogo

Kiberenge nakuheshimu ila watu wa treni mna tabia ya kuwakatia wenzenu miji kama mnagawa mirathi. Huyu mtu amesema hajui kama atarudi! Budapest ni saa mbili na dakika arobaini tu kutoka Vienna, na uzuri wa Bunge lao likiwashwa taa usiku ukiliangalia kutoka ng'ambo ya mto Danube, Vienna yote haina kitu cha namna hiyo. Na ni bei rahisi kuliko Vienna, supu, hoteli, kila kitu. Mimi ningetoa Berlin niweke Budapest. Berlin ilipigwa mabomu ikajengwa upya, kwa mtu wa makanisa na majumba ya wafalme anaenda kutafuta nini.

Brussels nakubali itoke. Hata hivyo treni ya Paris-Amsterdam inapita pale, wakitaka waichungulie dirishani.

Kiberenge

@chumvi_kidogo Berlin anaenda kutafuta historia, kasema mwenyewe. Kipande cha Ukuta wa Berlin cha East Side Gallery ni kilomita 1.3 na hulipi chochote. Kuba la kioo juu ya Bunge nalo bure ila ujiandikishe mtandaoni kabla na uende na pasipoti. Sanamu ya kichwa cha Nefertiti, malkia wa Misri ya kale, iko Neues Museum. Ila ni kweli makumbusho ya Pergamon imefungwa kwa ukarabati tangu Oktoba 2023, kwa hiyo asiende kwa ajili hiyo. Halafu mwishoni mwa Septemba kuna marathon ya Berlin, hoteli zinapaa wikiendi hiyo, angalia tarehe kwanza.

Budapest kama anaitaka aende asubuhi arudi usiku kutokea Vienna, sikatai. Ila begi libaki Vienna.

Bi Ratiba

Jamani mnabishania miji hamjajibu swali la kubuku, na hilo ndilo linaloliza watu. Kaka MguuNjia, kabla hujanunua hata tiketi moja ya treni chukua kalenda uandike siku za kufunga. Makumbusho ya Louvre pale Paris hawafungui Jumanne. Orsay, makumbusho nyingine ya Paris, hawafungui Jumatatu. Makumbusho ya Uffizi na ya Accademia pale Florence, hii ya pili ndiyo yenye sanamu ya Daudi ya Michelangelo, zote mbili Jumatatu zimefungwa. Makumbusho ya Vatikani Jumapili hakuna, isipokuwa ile ya mwisho wa mwezi ambayo ni bure, na kwa kuwa ni bure dunia nzima iko kwenye foleni. Sasa ukijipangia Florence usiku 2 na ile siku yako moja nzima ikadondokea Jumatatu, umeenda Florence kula aiskrimu.

Louvre nenda Jumatano au Ijumaa jioni, wanafungua mpaka saa tatu usiku, vikundi vya mabasi vinakuwa vimeshaondoka. Jiandaeni na bei, tangu Januari 2026 mgeni wa kutoka nje ya Ulaya analipa euro 32. Notre-Dame imefunguliwa tena tangu Desemba 2024 na kuingia ni bure, yeyote anayekuuzia tiketi ya kuingia kanisani pale ni tapeli.

Amsterdam, nyumba ya Anne Frank, yule binti wa Kiyahudi aliyejificha humo wakati wa vita, tiketi ni mtandaoni tu, zinatolewa kila Jumanne kwa ajili ya wiki sita mbele. Weka alamu. Sio utani, zinaisha haraka sana na hakuna dirisha la kununulia mlangoni. Makumbusho ya mchoraji Van Gogh vilevile ni mtandaoni, chagua saa kabisa.

Roma, tiketi ya Colosseum inaandikwa jina, nendeni na pasipoti. Basilika la Mtakatifu Petro hulipi ila mabega na magoti yafunikwe, shemeji aweke mtandio kwenye mkoba, na wewe kaptula iache hotelini. Maji ya kunywa msinunue, kuna vibomba vya chuma kila kona, yanatiririka saa zote, unaziba tundu la mdomo kwa kidole maji yanarukia juu kwenye kijitundu kingine unakunywa vizuri bila kuinama.

Vienna kama unapenda michoro usiishie jumba la Belvedere kwa michoro ya Klimt ukaondoka kama wengi. Makumbusho ya Kunsthistorisches wana chumba cha mchoraji Bruegel, Mnara wa Babeli na Wawindaji kwenye Theluji viko ukutani mita chache kutoka kimoja hadi kingine, na pana makochi katikati, kaa hapo saa nzima. Jioni Opera wana tiketi za kusimama, rahisi mno ukilinganisha na viti, zinauzwa siku hiyohiyo.

Vibaka wapo, hasa metro ya Paris na ngazi za kanisa la Sacré-Cœur, wale wa kukufunga uzi mkononi weka mikono mfukoni pita. Na mashine ya kutolea pesa ikikuuliza ukatwe kwa sarafu ya nyumbani au ya pale, chagua ya pale siku zote. Prague wanatumia koruna, sio euro, vibanda vya kubadilishia pesa vya mjini kati viogope.

MguuNjia

Aisee wakuu nimeshika adabu. Nimekaa na mke wangu tumefuta nusu ya ramani. Sasa iko hivi: Paris usiku 6, Amsterdam 3, Berlin 4, Prague 3, Vienna 4 (Budapest ya kwenda na kurudi, chumvi_kidogo nimekusikia), Venice 2, Florence 3, Roma 4. Jumla 29. Wiki ijayo naanza kutafuta apointimenti ya visa ubalozi wa Ufaransa maana ndio tunatua na Paris ndio mji tutakaokaa zaidi. Kuna la kuongeza?

Mzee wa Mihuri

Lipo, tena kubwa. Usiende Ufaransa na hiyo ratiba kijana wangu.

Hawaangalii mji, wanaangalia nchi. Maombi yanapelekwa kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, na ya kutua inaangaliwa pale tu siku zikilingana. Hesabu yako mwenyewe: Ufaransa 6. Italia 2 na 3 na 4, ni 9. Kwa hiyo mnaombea Italia hata kama mnatua Paris. Ukipeleka Ufaransa karatasi za hoteli zinazoonyesha Italia siku 9, afisa ana haki ya kukwambia umegonga mlango usio wako.

Mengine haraka haraka. Ada ya mtu mzima ni euro 90. Unaweza kuomba kuanzia miezi 6 kabla ya safari na isiwe chini ya siku 15, na kwa Septemba ningekuwa nimeshaanza kutafuta apointimenti maana kiangazi zinajaa. Bima ya safari iwe ya angalau euro 30,000 na itaje nchi zote za Schengen. Pasipoti iwe na uhai wa miezi 3 baada ya siku ya kutoka, na iwe haijazidi miaka 10 tangu itolewe. Hoteli buku zile zinazoruhusu kughairi bila makato, na treni usizilipie mpaka visa iko kwenye pasipoti, najua Kiberenge atakwambia bei zinapanda, zipande tu. Mkifika mpakani mtapigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole, ni mfumo mpya ulioanza Oktoba 2025, kwa hiyo ukitua Paris usipange kitu chochote chenye saa maalum siku hiyo.

Bi Ratiba

Mzee umeokoa jahazi. Na Venice kaka, laleni ndani ya kisiwa, sio Mestre, ule mtaa wa upande wa bara. Ni ghali lakini uzuri wake ni jioni watu wa siku moja wakishaondoka. Mabegi yawe madogo, kila daraja lina ngazi na boti ya vaporetto ni euro 9.50 kwa dakika 75.

MguuNjia

Nimemsomea mke wangu hiyo ya nchi na siku, kacheka, kasema basi Venice itoke, usiku wake 2 uende Paris, Ufaransa iwe 8 na Italia 7, halafu twende hukohuko ubalozi wa Ufaransa. Nikamwambia mimi Venice naitaka. Kasema alishaniambia kwingine nipange mimi, ila Paris ni yake.

Mzee, kisheria hapo iko sawa? Na Kiberenge, Vienna mpaka Florence kuna treni?

Mzee wa Mihuri

8 kwa 7, Ufaransa. Iko sawa.

Kiberenge

Ipo. Ile Nightjet ya Roma inapita Florence, mnalala Vienna-Florence mnashuka asubuhi. Chukueni kile kibanda cha watu wawili chenye kitanda, sio viti. Na huo usiku wa kwenye treni uhesabu kwenye zile 29, ratiba yako haijauweka.