Dhamira na maudhui: vitabu vyangu viwili vinapingana, naomba ushauri

Chipukizi wa Mbarara:
Shikamooni walimu wangu, nanyi wenzangu hamjambo. Ninasoma Fasihi ya Kiswahili katika kidato cha tano, nikitumia vitabu viwili, kimoja cha Nairobi na kingine cha Dar es Salaam. Cha kwanza kinasema kuwa maudhui ni mambo yanayozungumziwa katika kazi, na dhamira ni lengo la mwandishi. Cha pili kinaifanya dhamira kuwa sehemu tu ya maudhui, pamoja na migogoro, ujumbe na falsafa. Katika jaribio la juzi nilifuata cha pili, nikakatwa alama. Tena, istiara na sitiari zinanichanganya, na katika ushairi bado ninachanganya vina na mizani. Nifanyeje?

Mwalimu Mstaafu, Gulu:
Marahaba, mwanangu. Vitabu vyako havijakosea; kila kimoja kimefuata mazoea ya kwao, nasi huku Uganda tunavipokea vyote bila kuelezwa. Chukua hadithi ya kijana anayeuza mahindi ya kuchoma kando ya barabara ili apate karo. Aliyezoea vitabu vya Kenya atasema kuwa umaskini na elimu ni maudhui, na kwamba dhamira ni kile alichokusudia mwandishi, tuseme kuwazindua wazazi wasiojali masomo. Aliyezoea vya Tanzania atauita umaskini dhamira, na fundisho tunaloondoka nalo atauita ujumbe. Muulize mwalimu wako anasahihisha kwa utaratibu upi, kisha uanze insha kwa sentensi moja inayoeleza neno hilo unalitumia kwa maana gani.

Istiara na sitiari zisikukoseshe usingizi, kwani wengi huyatumia majina hayo mawili kwa kitu kimoja. Lililo muhimu ni kuitenga na tashbihi: ukisema "shangazi ni kama pilipili" umetumia tashbihi, lakini ukisema "shangazi ni pilipili" umeliondoa neno la kulinganishia, na hiyo ni sitiari.

Binti Ziwa, Entebbe:
Mdogo wangu, mizani huhesabiwa, vina husikika. Soma mishororo hii miwili niliyoitunga sasa hivi:

Ziwa limetulizana, mitumbwi i ufukoni,
Wavuvi wanaitana, samaki wamo kapuni.

Kila mshororo una vipande viwili, ukwapi (cha kwanza) na utao (cha pili), na kila kipande kina mizani 8, yaani silabi 8: zi-wa-li-me-tu-li-za-na. Usihesabu herufi, kwa maana "mbwi" katika "mitumbwi" ni mizani moja tu ingawa ina herufi nne. Vina ni silabi zinazofanana mwishoni mwa vipande: "na" katikati, "ni" mwishoni. Irabu peke yake haitoshi. Ukimalizia ukwapi wa mshororo wa pili kwa "la", umevunja kina cha kati hata kama sikio lako limeridhika.

Chipukizi wa Mbarara:
Ninawashukuru sana. Mwalimu nitamuuliza kesho. Dada, je, nikiandika "mtumbwi u ufukoni", mizani itapungua?

Binti Ziwa, Entebbe:
Haipungui, kwa sababu "m" ya "mtumbwi" husimama peke yake kama silabi: m-tu-mbwi-u-u-fu-ko-ni, bado ni 8. Ila sasa niambie, hao wavuvi wanaitana kwa nini ilhali umewapakia wote katika mtumbwi mmoja?