Mahindi yameshika ukungu, nguruwe wamegoma kula. Nikichemsha sumu inaisha?

mfugaji_mgeni:
Wakuu habari zenu. Mahindi yangu yalipata unyevu stoo, magunia ya chini yakaota ukungu, mengine kijani mengine pinki. Nikachambua yaliyooza nikasaga yaliyobaki, leo siku ya nne nguruwe wanasogea horini wananusa wanaondoka, wawili wametapika, halafu kuna majike wadogo uke umevimba umekuwa mwekundu kama wanataka dume na umri bado kabisa. Nikichemsha au nikianika upya si itatoka? Kutupa yote roho inauma.

babu_zizi:
Mkuu utamaliza kuni bure. Moto unaua kuvu ila sumu ilishaachwa kwenye punje, jua nalo linakausha tu. Hao waliovimba nahisi ni zearalenoni, sumu ya ukungu, ikiingia mwilini inajifanya homoni ya kike, na huko kugoma na kutapika ni vomitoksini, nayo sumu ya ukungu, mara nyingi zinatembea pamoja. Acha hicho chakula leo leo, osha na hori maana mabaki yaliyoganda pembeni nayo yanaota. Wenye mimba na wanaonyonyesha ndo wa kuwawahi kwanza. Na usije ukawapelekea kuku ukadhani umeokoa.

K_shamba:
Mi huwa nachanganya udongo wa bentonaiti kwenye chakula, unanasa sumu, maisha yanaendelea

babu_zizi:
@K_shamba bentonaiti inanasa vizuri aflatoksini, sumu nyingine ya ukungu, ila hizi zinazomsumbua mwenzetu haizishiki kivile. Ndo maana watu wanamwaga hela kwenye dawa na nguruwe bado wanatapika.

mama_vitoto12:
Na kuchambua kwa macho hakutoshi ndugu yangu, punje inaweza kuonekana safi na sumu imo. Mavuno yajayo chekecha kwanza, zile zilizovunjika na vumbi ndo zimebeba sumu nyingi, na usiweke stoo kabla unyevu haujashuka mpaka kama 13%. Huna kipimo? Chukua chupa kavu ya kioo, tia mahindi na chumvi kavu, tikisa, subiri dakika 15, chumvi ikigandia kwenye kioo bado mabichi hayo. Magunia yakae juu ya mbao mbali na ukuta.

mfugaji_mgeni:
Nimejaribu ya chumvi sasa hivi na lile gunia nililoliona zima kabisa, chupa nzima imekuwa nyeupe 😭 Daktari wa mifugo anakuja kesho asubuhi, hori nimeshaosha.