Shemeji anafukuza magari yasiyo saizi yetu, na msoma ramani ni mimi. Nishuke?

MkongeMbichi:
Wakuu, habari za jioni. Nipo Tanga, Ngamiani. Mume wa dada yangu ana Corolla ya zamani, injini ya 1,500, inavuta kwa mbele tu, na tangu mwaka jana tunaingia nayo kwenye rali. Yeye usukani, mimi msoma ramani, namsomea kona zinazokuja. Gari lake, mafuta yake, hata helmeti yangu kanunua yeye. Ndiyo maana naona tabu kumsema.

Mnajua rali magari yanaachiwa moja moja, kila mtu anapambana na saa. Shemeji yeye anapambana na vijana wawili wenye Subaru Impreza za tabo (turbo). Tukimaliza steji, yaani kipande cha njia kinachopimwa muda, swali lake la kwanza: "Wale wamepiga ngapi?" Wale wamekulia kwenye mashindano ya pikipiki, sisi hata msimu wa pili hatujamaliza.

Mara ya mwisho tulikuwa kwenye barabara za mashamba ya mkonge, upande wa Muheza. Vumbi la aliyetangulia bado limetanda. Nikasoma: "Kushoto tatu, juu ya mgongo, usikate." Tatu ni ukali wa kona, usikate ni usipite ndani ya kona. Hiyo "usikate" tuliiandika wenyewe siku ya kukagua njia, ndani ya kona kuna kisiki. Akakata. Nikasikia bati linakwaruzwa kuanzia miguuni kwangu mpaka nyuma ya kiti. Akacheka, eti tumeokoa sekunde mbili.

Dada hajui. Nishuke au nivumilie? Matusi hapana, jamani.

Bwana_Pongwe:
Tanga waja leo waondoka leo, lakini siyo kwa kupinduka, mkuu 😂

FundiGiaboksi:
Shuka.

MamaWawili_TA:
Mdogo wangu, dada yako ana haki ya kujua. Ikitokea la kutokea ataletewa habari mbili kwa mpigo, ya mume na ya ndugu.

VumbiJekundu:
Nimesoma ramani miaka kadhaa, nikwambie kitu. Noti za kona dereva asizozisikiliza ni kelele tu, bora ukae nyumbani. Ila kabla ya kushuka, chukua karatasi ya matokeo, kata majina yote yasiyo ya kundi lenu. Tabo inayovuta kwa magurudumu yote manne na Corolla haziwekwi mzani mmoja, ndiyo maana kuna makundi. Mwonyeshe mwenye gari kama lenu kawazidi sekunde ngapi. Huyo ndiye wa kumfukuza, na hapo hakuna kisingizio cha injini.

Halafu angalia mnapoteza wapi. Kwenye mnyooko, ni gari. Kwenye kona, ni mguu wa shemeji. Anachelewa breki, anaingia kwa fujo, anatoka tairi zinazunguka bure. Dereva wa hivyo hata ukimpa Impreza atafika nayo mtaroni haraka zaidi.

MzeeWaChumbageni:
Vijana, Joginder Singh alishinda Safari Rally mwaka 1965 na Volvo PV544 iliyokwishatumika, aliyekaa pembeni yake ni mdogo wake Jaswant. Gari kuukuu na ndugu kiti cha pili, kama nyinyi. Tofauti ni kwamba wale walikuwa wanasikilizana.

FundiGiaboksi:
Mzee, yule alikuwa fundi wa magari. Huyu shemeji hata plagi sijui kama anaijua. Bado nasema shuka.

MkongeMbichi:
Mrejesho. Nimefuata ya VumbiJekundu. Jana baada ya chakula nimemwekea karatasi mezani, kundi letu peke yake. Tuko wa nne kati ya watano. Akakaa kimya mpaka chai ikapoa. Kisha: "Huyu wa tatu ana gari gani?" Nikamwambia Corolla, kama yetu. "Katuzidi ngapi?" Sekunde 50.

Nikamalizia hapohapo: siku akikata tena penye "usikate", nafunga daftari, steji inayofuata aende peke yake. Hakucheka. Jumamosi tumeomba kiwanja shambani kwa jamaa, tutapanga madumu ya maji, afanye kona tu mpaka breki zinuke.

MamaWawili_TA:
Na dada?

MkongeMbichi:
Bado. Ana akaunti humu ndani, tuongee taratibu.