Naombeni ushauri: 2, 4, 6, 8 ni kundi au si kundi?

Mwanzo_Mgumu: Wakuu, heshima kwenu. Nina seti ya namba nne, 2, 4, 6 na 8. Swali: ni kundi kwa kuzidisha? Yaani ukizidisha zozote mbili jibu limo humohumo, mabano ukiyahamisha jibu halibadiliki, kuna namba inayoziacha nyingine zilivyo, na kila namba ina kinyume, mwenzake wa kuzidisha naye upate hiyo namba. Nimekesha nayo. Mdogo wangu ndiye kaniuliza, anataka jibu kesho asubuhi, na sitaki kuumbuka.

Sufuri: 2 × 8 = 16. 16 imo? Haimo. Si kundi, kalale.

Mama_Hesabu: Vijana mnapenda kutafuniwa. Sisi tulichora jedwali zima kwa mkono, ukikosea mraba mmoja unaanza upya. Mimi nilianza upya mara saba, nikafeli vilevile.

Kona_Kali: Galois, yule Mfaransa wa hesabu za makundi haya, alipigwa risasi 1832 akiwa na miaka 20, na usiku wa kuamkia pambano alikuwa anaandika barua ya hesabu. Wewe kukesha tu unalia.

Jedwali: Mtoa mada, kuzidisha kupi? Kwa kawaida, au kuna kitu unabakiza?

Mwanzo_Mgumu: Aah, samahani. Ukishazidisha unagawa kwa 10, unachukua masalio. Sikuona kama ni muhimu.

Sufuri: Hakuona kama ni muhimu! Nafuta jibu langu.

Mwanzo_Mgumu: Hata hivyo haisaidii. 1 haimo, na bila 1 hakuna namba inayoziacha nyingine zilivyo. Nimeshaandika "si kundi" kwa wino.

Jedwali: Nani kasema lazima iwe 1? Jaribu 6. 6 × 2 = 12, inabaki 2. 6 × 4 = 24, inabaki 4. 6 × 6 = 36, 6 × 8 = 48, umeona? Hapo 6 ndiye bosi. Kinyume cha 2 ni 8, maana 16 inabaki 6. 4 ni kinyume cha yenyewe, 6 pia. Jibu halitoki nje ya seti, na mabano ukiyahamisha hayaleti shida, kama kuzidisha kwa kawaida. Ni kundi.

Mwanzo_Mgumu: Mbona daftari linasema 1?

Jedwali: Litakuwa linaongelea 1, 3, 7, 9. Nazo ni kundi, kwa masalio hayohayo.

Kona_Kali: Subirini. Swali la mdogo wako, wino wako, daftari lako? Hii chai.

Mwanzo_Mgumu: Namsaidia mwandiko.

Mama_Hesabu: 😂😂 Mdogo mtu ana bahati.

Mwanzo_Mgumu: Haya, nimefuta. Ila "mdogo wangu" anauliza, nikiongeza 0 inabaki kundi?

Jedwali: Mwambie atafute cha kuzidisha na 0 apate 6. Tunamsubiri hapahapa.