Mchango wa Chumba cha Kitengo Maalumu: Majirani Tabata

MAMA NEEMA (mweka hazina): Habari za jioni majirani. Kwa kile chumba cha taa, sauti na vitu vya kugusa cha watoto wenye ulemavu pale shuleni, mpaka sasa zimeingia shilingi 1,840,000. Ahadi zilizobaki ni 650,000. Wenye ahadi tukumbukane jamani, mwisho wa mwezi ndio huu.

BABA KELVIN: Hongereni kwa kazi. Ila naomba kuuliza, bila kumkwaza mtu. Darasa la tatu watoto wanabanana kwenye madawati, sisi tunachangia taa za rangi na projekta. Hicho chumba kinafundisha nini?

MAMA ZUWENA: Hujanikwaza baba Kelvin. Zuwena ana usonji. Kengele ikilia anaziba masikio na kujigonga kichwa ukutani. Anatolewa nje, na nje kuna bodaboda na spika za matangazo. Hapo masomo ya siku yameisha. Akipata pa kutulia robo saa tu, anarudi darasani.

MWALIMU REHEMA: Asante mama Zuwena. Halafu wapo wasioongea, wasiotembea, wengine hawaoni vizuri. Nikichora bahari ubaoni wao wanaambulia nini? Tuko Dar hii hii, lakini wapo ambao hawajawahi kukanyaga Coco Beach. Nani atambeba mtoto wa miaka 12 mgongoni kwenye daladala? Chumbani, mawimbi yanaonekana ukutani mpaka sakafuni, feni inampulizia, spika iliyofungwa chini ya jukwaa la mbao alilolalia inamtetemesha mgongo, na mkononi ana mchanga uliolowa maji ya chumvi. Vyumba vya namna hii vilianzia Uholanzi miaka ya 1970, kwa watu wenye ulemavu mkubwa wa akili.

BIBI CHIKU: Mwalimu umeniliza. Kijana wangu yuko Feri, mchanga na makombe ataleta. Hapo msitoe hata senti.

FUNDI JUMA: Shikamoo bibi.

BIBI CHIKU: Marahaba baba.

FUNDI JUMA: Mimi kazi ya umeme nitafanya bila ujira, ninunulieni vifaa tu. Taa zipi?

MWALIMU REHEMA: Zozote zinazopunguzwa mwanga taratibu. Za kumwekamweka kama za disko hapana kabisa! Tuna watoto wenye kifafa, mwanga wa hivyo unaweza kuwaamshia. Na kuliko projekta, naomba vitufe vikubwa. Mtoto akibonyeza feni inazunguka, akiachia inasimama. Kuna mtoto pale tangu azaliwe analishwa, anavishwa, anageuzwa. Siku atakapojua kwamba feni ile ameiwasha yeye, ndipo nitaanza kumfundisha kuchagua na kuomba.

FUNDI JUMA: Nimekuelewa. Vitufe tutavipeleka kwa volti 12, umeme wa ukutani usifike mikononi mwao. Na betri ya akiba, maana umeme ukikatika katikati ya somo watashtuka.

MZEE ALLY (mwenyekiti): Nimewahi kutembelea chumba kama hicho mahali fulani. Vifaa vingine bado viko kwenye nailoni, mlango una kufuli, mwenye ufunguo hayupo. Sitaki tuchangie chumba cha kuonyesha wageni. Ufunguo ukae kwa mwalimu wa kitengo, na ratiba ibandikwe mlangoni.

BABA KELVIN: Hapo sawa mzee. Suala la madawati sijaliacha, nitalileta kwenye kikao cha wazazi. Mama Neema, niandikie 50,000, natuma usiku huu.

MAMA NEEMA: Ubarikiwe sana baba Kelvin 🙏🏾

FUNDI JUMA: Mwalimu, mlango wa hicho chumba una upana gani?

MWALIMU REHEMA: Nimeupima leo, sentimita 68.

FUNDI JUMA: Kiti cha magurudumu kitapita kweli?

MWALIMU REHEMA: Hakipiti. Huwa tunawabeba.

MZEE ALLY: Basi fedha ya kwanza ni ya mlango. Juma, kesho asubuhi nipitie nyumbani twende na fundi mwashi.