Wauza matairi wa Lubumbashi, acheni kutuuzia matairi ya taksi kwa ajili ya remoki

Ndugu zangu wenye remoki (tela la kuvutwa na gari), na ninyi wauza matairi mnaosoma humu kimyakimya, leo sina upole.

Alhamisi iliyopita, saa kumi jioni, nilikuwa barabara ya Kasumbalesa, ile ya mpakani na Zambia, nikirudi Lubumbashi. Nyuma ya pickup nilikuwa na remoki yangu ya magurudumu mawili, imebeba mifuko 60 ya unga wa bukari (ugali), kilo 25 kila mfuko. Nilikuwa kwenye 70, si zaidi. Tairi la kulia likapasuka. Pickup ikavutwa pembeni, rimu ikaanza kulima lami, remoki ikainama na mifuko ikaanza kumwagika barabarani mmoja baada ya mwingine.

Nyuma yangu kulikuwa na kijana wa pikipiki amepakia mama mwenye mtoto mgongoni. Kijana yule ana akili na mikono, Mungu ambariki, alipenya kushoto katika nafasi ambayo mimi mwenyewe nisingethubutu kupita. Alisimama mbele kidogo. Mama akashuka, akakaa kwenye majani kando ya barabara, akamfungua mtoto na kumpakata. Nilikwenda kumwomba msamaha. Hakunitukana. Alisema tu, "Papa, angalia remoki yako." Nimepoteza mifuko 19, lakini si mifuko inayoninyima usingizi.

Matairi yale nilikuwa nimeyatumia wiki tisa tu.

Niliyanunua hapa hapa mjini. Duka silitaji, maana sikuja humu kupigana na mtu mmoja. Wanaofanya hivi ni wengi na wanajijua. Nilimpelekea muuzaji remoki yenyewe mbele ya duka. Nilimwambia nabeba unga na mara nyingine simenti. Nilimuuliza wazi: haya yatabeba? Akapiga teke tairi moja, akacheka, akasema: "Papa, kumi na tano ni kumi na tano. Itaingia."

Itaingia! Mimi niliuliza kama itabeba, yeye akanijibu kama itaingia. Ndiyo, inchi 15 inaingia kwenye rimu ya inchi 15, hata mtoto anajua hivyo. Lakini tairi la taksi na tairi la gari la mizigo yote yanaweza kuwa ya inchi 15, na moja likabeba karibu mara mbili ya lingine.

Aliyoniuzia yameandikwa ubavuni 195/65R15 91. Hayo ni matairi ya gari ndogo ya kubeba watu. Ile 91 mwishoni ndiyo namba ya uzito, inasomwa kwenye jedwali: maana yake kilo 615, tairi likiwa zima na limejaa upepo wake wote. Na watengenezaji wa matairi kule Marekani wana kanuni ya siku nyingi: ukiliweka tairi la gari ndogo kwenye remoki, ugawe uzito wake kwa 1.1 kwanza, kwa sababu remoki huyumba, hupigwa na mashimo na mzigo wake hauna huruma. 615 inashuka mpaka 559. Mawili ni kilo 1118.

Sasa mzigo wangu. Remoki tupu nilishaipima kwenye mizani ya depo, ni kilo 400. Mifuko 60 ni kilo 1500. Jumla 1900. Toa sehemu ya kumi inayokaa kwenye ndoano ya pickup, kilo 190, yanabaki 1710 juu ya matairi mawili. Yaani kila tairi lilikuwa linabeba kilo 855 wakati lilitakiwa kubeba 559. Hesabu hii ni ya dakika mbili kwa kalamu. Mtu anayeuza matairi kila siku, mwaka hadi mwaka, anaijua. Kama haijui, basi afunge duka auze nyanya.

Na bado sijamaliza.

Nilipolivua lile la kushoto, ambalo halikupasuka, niliangalia upande wa ndani, ule unaotazama ekseli. Pale nikakuta alama ya DOT na mwisho wake tarakimu nne: 1114. Maana yake limetengenezwa wiki ya 11 ya mwaka 2014. Tairi lina zaidi ya miaka kumi! Kwa nje limepakwa dawa nyeusi linang'aa kama kiatu cha harusi, kashata zake (meno ya tairi) ndefu, unaliona jipya. Lakini mpira huzeeka hata usipotembea. Jua, joto na hewa yenyewe vinaukausha, na kule ndani mikanda ya chuma inaanza kuachana na mpira bila wewe kuona chochote. Wengi wanaojua kazi hii wanasema tairi la remoki lisipite miaka mitano au sita, hata kama kashata bado zipo.

Sasa sikilizeni ujanja. Tarehe kamili huandikwa lazima ubavu mmoja tu wa tairi. Ubavu wa pili unaweza kuwa na herufi nusu, bila tarehe. Muuzaji anayejua kazi yake analifunga tairi tarehe ikiangalia ndani, na wewe mteja hutainama chini ya remoki kusoma. Lile la kulia nilipookota vipande, sehemu ya tarehe ilikuwa imekwanguliwa. Imekwanguliwa kwa kisu au jiwe, mtu alikaa chini akafanya kazi hiyo kwa mikono yake. Huyo hawezi kuniambia hakujua.

Upepo nao. Kijana wake aliyafunga akajaza bar 2.2, au kilo 2.2 kama tunavyosema sisi, sawasawa na ya taksi inayozunguka Kamalondo. Kwenye gari ya mizigo! Tairi la remoki lenye upepo mdogo linapindapinda ubavu kila linapozunguka, na kule kupinda ndiko kunakozaa joto. Joto ndilo linaloua tairi la remoki, kuliko msumari na kuliko shimo. Mmewahi kusimama peaji, pale pa kulipia barabara, mkagusa tairi la remoki kwa mkono? Likikuchoma, si lami ya Oktoba peke yake. Tairi limeanza kufa.

Nilimrudia Ijumaa na vipande ndani ya mfuko. Maneno yake yalikuwa matatu: barabara mbaya, umepakia sana, okazio (mtumba) haina garanti. Nilimwonyesha tarehe iliyokwanguliwa. Akaita mteja mwingine aliyekuwa nyuma yangu, "Karibu patroni," kana kwamba mimi si mtu. Dola 110 zangu za matairi mawili amekaa nazo.

"Umepakia sana." Sawa, hilo nimelilala nalo nikaamka nalo. Ni kweli nilipaswa kusoma namba mwenyewe kabla ya kulipa, na huyo mama mwenye mtoto nina deni lake. Lakini nilimwambia ninachobeba! Ningemwambia nabeba magodoro, hapo angekuwa na haki.

Kwa hiyo, ninyi ambao bado hamjanunua, msome hapa polepole.

Kwa rimu yangu ya 15, alipaswa kunionyesha tairi lenye herufi C baada ya namba, lile la gari za biashara. Mfano 195/70R15C 104/102. Namba ya kwanza, 104, ni kilo 900 gurudumu likiwa peke yake. Ya pili ni ya magurudumu mapacha, kwangu haina kazi. Kwa upepo wa bar 4.5, si 2.2. Na hata hilo kwa mifuko 60 lingekuwa limebanwa, 855 juu ya 900, hakuna nafasi ya kupumua. Kwa hilo ningeshuka mpaka mifuko 50, ambayo inampa kila tairi kama kilo 743. Nikitaka kubaki na mifuko 60, basi ni 225/70R15C 112/110, kilo 1120 kila moja, lakini hilo ni refu kuliko nililokuwa nalo kwa karibu sentimita 6 kipenyo na ni pana kwa sentimita 3, lazima nipime kwanza kama haligusi madigadi remoki ikiwa imeshuka na mzigo. Na rimu yenyewe iwe ya kuhimili uzito huo na upepo huo. Vali za mpira za gari ndogo zimetengenezwa kwa bar 4.5 hivi, ukipita hapo weka vali za chuma.

Kuna matairi yaliyotengenezwa kwa remoki peke yake, yanaanza na herufi ST. Hapa kwetu ni nadra, ila yakipita msiyadharau: ubavu wake ni mgumu, yamefanywa yasiyumbe. ST205/75R15 yenye alama C (hapa ni daraja la nguvu, si ile C ya biashara) hubeba kilo 825, na ile ile yenye alama D hubeba 975, ukubwa ni mmoja kabisa. Ndiyo maana nasema ukubwa haukuambii kitu! Baadhi yake hayataki zaidi ya kilomita 105 kwa saa, jambo ambalo kwa remoki ya unga si tatizo. Na msiyafunge mbele ya pickup, hayakutengenezwa kwa usukani.

Tena kuna wale wanaokuambia "hili lina nailoni nane, papa." Ile 8PR iliyoandikwa ubavuni haimaanishi kuna tabaka nane mle ndani. Ni kipimo cha nguvu tu, kinacholingana na alama D. 6PR ni C, 10PR ni E. Matairi mengi ya leo yana tabaka mbili tatu. Wanaotaja nailoni wanataka uache kuuliza kilo.

Na sasa niwageukie wenzangu, maana nina hasira na sisi pia. Nani alitufundisha kwamba matairi yakichoka kwenye gari yanahamia kwenye remoki? Pita Ruashi, pita Katuba, tazama remoki zilizoegeshwa: tairi kipara kushoto, la aina nyingine kulia, moja radiali la kisasa na jingine la kizamani la nyuzi za mshazari, kwenye ekseli moja. "Remoki haina injini." Haina injini, lakini ndiyo yenye mzigo! Gari likipungua upepo utalisikia kwenye usukani. Remoki haikuambii. Unajua siku mifuko inaporuka.

Remoki za ekseli mbili ni kesi nyingine, pale ukikata kona matairi yanaburuzwa kwa ubavu na la gari ndogo linanyongwa haraka zaidi. Mwenye nayo aeleze, mimi sinayo.

NYONGEZA, saa mbili usiku. Nimesoma majibu yenu. Yule ndugu anayesema tairi jipya la C ni ghali, watoto watakula nini: ndugu, mimi pia nina watoto. Mifuko 19, rimu moja iliyoharibika, siku mbili bila kazi na dola 110 juu yake, nimeshayalipia matairi mapya na sina tairi. Okazio si dhambi. Nunua okazio, lakini lenye C, lenye tarehe inayosomeka, na mwambie kijana alifunge tarehe ikiangalia nje mbele ya macho yako. Akikataa, vuta remoki yako uondoke.

Yaya, ndugu yangu mkubwa, uliyeuliza kuhusu tairi la akiba: ndiyo, liwe la namba ile ile, na lipime upepo kila mwezi, la akiba ndilo linalosahaulika chini ya remoki mpaka siku ya shida. Na ukishafunga gurudumu jipya, kaza nati tena baada ya kilomita 80 hadi 100. Ukitoka hapa, simama kabla ya mpaka wa Kasumbalesa ukaze.

Na wewe muuzaji uliyeandika kwamba "mteja ndiye anayetaka bei ndogo": sikukuomba bei ndogo. Nilikuuliza kilo.

Natafuta 225/70R15C 112 mawili, ya mwaka 2022 kuja huku. Mwenye nayo Lubumbashi, Kipushi au Likasi aweke hapa picha ya ubavu, namba ya uzito na tarakimu nne za DOT zionekane. Picha ya kashata siitaki.